SOMO LA AFYA: Ndugu yako akiwa kwenye nyumba ya matunzo – namna ya kutambua uzembe na kudai uchunguzi

Leo hatuzungumzii kisukari wala shinikizo la damu. Tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hapa Johannesburg tunalionea aibu: mzazi, ndugu au jirani anayelelewa kwenye nyumba ya wazee au kituo cha wagonjwa wa akili, na wewe moyoni unahisi kwamba haangaliwi inavyotakiwa.

Kwetu tumezoea kwamba mzee analelewa na watoto na wajukuu. Lakini maisha ya huku tunayajua. Unatoka alfajiri, unarudi usiku, na mzee aliyepata kiharusi hawezi kuachwa peke yake chumbani. Familia inakaa kikao, inaamua kumpeleka kituoni. Hapo aibu inaanza. Hatuwaambii wenzetu, hatuendi kumwona mara kwa mara, na tukiona kasoro tunanyamaza tusije tukaulizwa, "Kwani mlimpeleka huko kwa nini?" Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Uzembe katika matunzo ni maradhi ya namna hiyo hiyo. Hauna kelele, na unastawi pale ambapo hakuna anayekuja kuangalia.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
- kutambua dalili za mtu asiyetunzwa vizuri;
- kuandika kumbukumbu zitakazomsaidia mchunguzi;
- kujua mlango wa kugonga, na ufanye nini kama mgonjwa amefariki.

1. Tuanze na yaliyotokea Gauteng

Hapa Marshalltown, kwenye barabara ya Pixley ka Isaka Seme ambayo zamani iliitwa Sauer, palikuwa na jengo refu la Bank of Lisbon. Humo ndimo zilimokuwa ofisi za Idara ya Afya ya jimbo la Gauteng, mpaka jengo lilipoungua tarehe 5 Septemba 2018 na wazima moto 3 wakapoteza maisha. Tarehe 24 Novemba 2019 likaangushwa kwa baruti. Lakini kabla ya moto huo, idara hiyo ilikuwa imeshachukua uamuzi uliogharimu maisha ya watu wengi zaidi.

Mwezi Oktoba 2015 idara ilitangaza kwamba inavunja mkataba wake na Life Esidimeni, kampuni iliyokuwa ikiwatunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu kwa malipo ya serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza gharama. Life Esidimeni ilikuwa ikilipwa karibu randi 320 kwa mgonjwa mmoja kwa siku. Asasi zilizopewa wagonjwa baada ya hapo zilipangiwa randi 112. Familia na wataalamu wa magonjwa ya akili walionya mapema, hata wakafika mahakamani, lakini hadi katikati ya mwaka 2016 wagonjwa zaidi ya 1,300 walikuwa wameshahamishwa. Wengi walipelekwa kwenye asasi 27, na baadaye ikabainika kwamba hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa na leseni halali.

Wapo waliohamishwa bila mafaili wala vitambulisho. Familia nyingine hazikuambiwa ndugu zao wamepelekwa wapi, zikabaki kuzunguka kituo hadi kituo zikiuliza. Watu walikufa kwa kukosa maji, kwa njaa, kwa baridi, na kwa magonjwa yanayotibika kama vile nimonia.

Tarehe 13 Septemba 2016 waziri wa afya wa jimbo, Qedani Mahlangu, alisema waliofariki ni 36. Uchunguzi ulipofanywa na Ombud wa Afya, Profesa Malegapuru Makgoba, ilionekana kwamba siku hiyo waliokuwa wameshafariki ni 77. Ombud wa Afya ni ofisi huru inayopokea malalamiko ya wananchi juu ya huduma za afya nchini Afrika Kusini. Taarifa yake ilitoka tarehe 1 Februari 2017 ikiwa na vifo 94, na ikasema wazi kwamba hesabu haijaisha. Mahlangu alijiuzulu wakati taarifa hiyo inatoka. Kwenye usuluhishi ulioongozwa na Dikgang Moseneke, aliyewahi kuwa naibu jaji mkuu wa nchi, hesabu ikafika 144. Hukumu ya usuluhishi ilitolewa tarehe 19 Machi 2018, na serikali ikaamriwa kuzilipa fidia familia zilizodai. Mwisho, tarehe 10 Julai 2024, Jaji Mmonoa Teffo alitoa uamuzi wa uchunguzi wa mahakama kuhusu vifo hivyo. Alisema vifo 9 vilisababishwa na uzembe wa Mahlangu pamoja na Dokta Makgabo Manamela, aliyekuwa mkuu wa huduma za afya ya akili katika jimbo.

Ndugu msomaji, kwa nini tunakusimulia haya yote? Kwa sababu kutoka 36 mpaka 144 si mchezo wa namba. Hesabu ya kweli ilipatikana kwa sababu familia hazikukubali kunyamaza. Walitaja majina, walileta tarehe, walieleza walichokiona siku walipokwenda kumtazama mgonjwa. Uchunguzi wowote, mkubwa au mdogo, unasimama juu ya vitu hivyo.

2. Dalili za kuangalia unapokwenda kumwona mgonjwa

*Vidonda vya kulalia.* Hutokea pale ambapo mfupa unakandamiza ngozi kwa muda mrefu: chini ya mgongo, matakoni, kwenye nyonga na visigino. Vitabu vingi vinasema angalia wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Angalia sehemu iliyozidi weusi kuliko ngozi ya jirani, kisha ipapase: ni ya moto, ngumu, au inauma? Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe mara kwa mara, na vituo vingi vinafuata utaratibu wa kila baada ya saa 2. Kidonda kirefu kinachoonyesha nyama au mfupa kwa kawaida hakitokei kwa usiku mmoja.

*Kukosa maji.* Mdomo mkavu, macho yaliyoingia ndani, mkojo mzito wa rangi ya chai, kizunguzungu. Mzee hasikii kiu kama kijana, kwa hiyo kuweka jagi mezani hakutoshi. Je, analifikia? Ana nguvu za kushika kikombe?

*Kupungua uzito.* Nguo zinapwaya, pete inavuka yenyewe, meno ya bandia yanalegea. Kupoteza asilimia 5 ya uzito kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi 6, ni jambo la kuitia daktari. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni kilo 3 kwa mwezi.

*Kuchanganyikiwa ghafla.* Wiki iliyopita alikutambua, leo hakutambui. Usikubali kuambiwa tu kwamba "ni uzee". Mabadiliko ya ghafla mara nyingi yana sababu inayotibika, kama maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, kukosa maji au dawa zilizozidi.

*Usingizi usio wa kawaida.* Ukimkuta kila mara amelala, mate yanamtoka, hawezi kusema, uliza anapewa dawa gani, nani aliyeiandika na kwa ajili gani. Dawa ya kumtuliza mgonjwa haitakiwi kutumika kupunguza kazi ya wahudumu.

*Alama mwilini.* Michubuko yenye umbo la vidole, au alama za kufungwa kwenye vifundo vya mikono.

*Usafi.* Harufu ya mkojo mkavu, kucha ndefu, nguo zile zile ulizomwacha nazo wiki iliyopita.

3. Usihukumu kabla ya kujua

Hapa tuwe waadilifu. Ngozi ya mzee ni nyembamba, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huchubuka kwa kuguswa tu. Mgonjwa aliye ukingoni mwa maisha hupoteza hamu ya kula hata akitunzwa na watu bora duniani. Na wahudumu wengi wanafanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo. Dalili moja inakupa sababu ya kuuliza. Dalili tatu zinazorudi kila wiki, huku majibu yakibadilika kila ukiuliza, zinakupa sababu ya kudai uchunguzi.

4. Daftari lako ndilo shahidi wa kwanza

Nunua daftari dogo. Kila ukienda kumwona mgonjwa, andika:

1. Tarehe na saa uliyofika na kuondoka.
2. Jina la mhudumu aliyekuwa zamu.
3. Ulichokiona kwa macho, bila kutia chumvi. Usiandike "wanamtesa". Andika "saa 9 mchana, chakula cha mchana kipo mezani hakijaguswa, mezani hapafikiki kutoka kitandani".
4. Ulimuuliza nani, na alijibu nini.
5. Mgonjwa mwenyewe amesema nini, kwa maneno yake.

Badilisha saa za kwenda. Ukienda kila Jumapili saa 8, watakuandalia Jumapili saa 8. Picha ya kidonda ni ushahidi mzuri, lakini mwombe mgonjwa ruhusa kama anaweza kujibu, na usiwapige picha wagonjwa wengine. Tena, tafadhali, usiirushe picha ya mwili wa mama yako kwenye makundi ya simu. Heshima yake ndiyo unayoipigania.

Uliza kituo maswali yako kwa maandishi. Omba kuona mpango wa matunzo, rekodi ya uzito, karatasi ya dawa, karatasi ya kugeuzwa na kitabu cha matukio. Baki na nakala ya barua yako, na ile ya kwanza ipokelewe kwa sahihi na tarehe. Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 2000 inayompa mtu haki ya kuomba kumbukumbu, hata zilizo mikononi mwa taasisi binafsi, pale anapozihitaji ili kulinda haki. Kituo kina siku 30 za kujibu ombi la namna hiyo.

5. Mchunguzi anafanya nini?

Ni vizuri ujue, ili umsaidie. Mchunguzi mzuri hufika bila kutoa taarifa. Humwona mgonjwa kwanza, mafaili baadaye. Huwahoji wahudumu mmoja mmoja. Kisha hulinganisha karatasi na ukweli.

Tuseme mama yako mkubwa ana kidonda kirefu kiunoni. Karatasi inaonyesha amegeuzwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana, mwezi mzima. Mchunguzi ataomba orodha ya zamu. Akikuta sahihi ya mhudumu ambaye siku hiyo alikuwa likizo, au sahihi za usiku kucha zilizoandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja bila kupishana hata dakika, atajua karatasi ilijazwa mezani. Atatazama uzito: je, ulipimwa kweli, au namba ni ile ile kwa miezi 5? Atatazama idadi ya wahudumu wa usiku. Wahudumu wawili kwa wagonjwa 60 hawawezi kumgeuza kila mtu hata wakitaka. Hapo kosa si la mhudumu peke yake, ni la aliyepanga zamu na aliyekata bajeti.

Hilo ndilo somo kubwa la Life Esidimeni. Wachunguzi hawakuishia kwa aliyeshika kijiko na bakuli. Walipanda ngazi mpaka kwa aliyetia sahihi.

Na sasa unaona daftari lako linaingia wapi. Karatasi ya kituo ikisema mgonjwa alikula saa 7, na daftari lako likisema saa 9 chakula kilikuwa hakijaguswa, mchunguzi ana mahali pa kuanzia.

6. Milango ya kugonga

*Kama kuna hatari sasa hivi*, usianze na barua. Piga 10177 kuita gari la wagonjwa, 10111 kuita polisi, au 112 kwa simu ya mkononi.

*Uongozi wa kituo.* Anza na mkuu wa wauguzi au meneja, kwa maandishi. Nyumba za wazee zinatakiwa kisheria kuwa na kamati ya wakazi, nayo pia ipelekee.

*Idara ya Maendeleo ya Jamii.* Nyumba za wazee ziko chini ya idara hii, haziko chini ya wizara ya afya. Wengi hukosea hapa wakapoteza miezi. Omba kuonana na afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Wazee, namba 13 ya mwaka 2006, inasema nyumba ya wazee lazima isajiliwe, na inamtaka mtu yeyote anayeshuku kwamba mzee ananyanyaswa atoe taarifa kwa idara hiyo au kwa polisi.

*Ombud wa Afya.* Huyu ni kwa hospitali, kliniki na vituo vya afya.

*Bodi ya Mapitio ya Afya ya Akili.* Kwa mgonjwa wa akili aliyelazwa. Sheria ya mwaka 2002 inamtaka aliyeshuhudia mgonjwa wa akili akinyanyaswa atoe taarifa, na ipo fomu maalumu kwa kazi hiyo.

*Baraza la Wauguzi la Afrika Kusini.* Kama lalamiko linamhusu muuguzi aliyesajiliwa.

Wapo watakaouliza, "Na mimi ambaye karatasi zangu hazijakaa sawa?" Hofu hiyo tunaielewa. Sheria ya Wazee inasema mtu yeyote, haikutaja raia. Katiba nayo, kifungu cha 27, inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya. Ukiogopa kwenda peke yako, mtume ndugu au kiongozi wa jumuiya mwenye karatasi, au zungumza kwanza na mashirika ya wanasheria kama Lawyers for Human Rights au SECTION27. Hao SECTION27 ndio waliozisimamia familia nyingi za Life Esidimeni.

7. Kama mgonjwa amefariki

Hili ni zito, lakini lazima tuliseme. Sisi tunapenda kuzika mapema, au tunachangishana haraka mwili usafirishwe nyumbani. Kama kifo kina mashaka, simameni kidogo. Mwili ukishazikwa au kuvuka mpaka, ushahidi umekwenda nao. Kabla ya kupokea mwili, soma sababu ya kifo iliyoandikwa. Usitosheke na neno "kifo cha kawaida" kama siku chache kabla ulikuta vidonda na njaa. Nenda polisi ueleze mashaka yako na uombe uchunguzi wa maiti. Kifo kisicho cha kawaida kinaweza kufikishwa mbele ya hakimu chini ya sheria ya mwaka 1959. Hakimu huyo hamfungi mtu. Anasema marehemu ni nani, alikufaje, na kama kuna aliyesababisha. Kushtaki ni kazi ya waendesha mashtaka.

Mashehe na wachungaji wetu watusaidie hapa kuwaeleza wafiwa kwamba kuchelewa siku mbili kwa ajili ya haki si kumdharau marehemu.

8. Neno kwa ndugu zetu wanaofanya kazi ya uhudumu

Baadhi ya wasomaji wetu ndio wahudumu wenyewe. Ndugu, usitie sahihi kazi ambayo hukuifanya, hata msimamizi akikusukuma. Siku ya uchunguzi sahihi itakuwa yako, na yeye atasema hajui. Kama wafanyakazi hawatoshi, andika kwenye kitabu cha zamu: "usiku huu tulikuwa wawili, wagonjwa 8 hawakugeuzwa". Sentensi hiyo moja inamlinda mgonjwa na inakulinda wewe. Ipo pia sheria ya mwaka 2000 inayomkinga mfanyakazi anayefichua maovu kazini kwa kufuata utaratibu.

9. Jambo dogo linaloweza kuokoa maisha

Mzee anayepoteza kumbukumbu mara nyingi hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani, akarudia ya utotoni. Bibi aliyezungumza Kiingereza miaka 20 anaanza kuomba kila kitu kwa Kiswahili. Mhudumu anasema anaropoka, kumbe anaomba choo. Neno "maji" huenda Mzulu akalikisia, maana kwao ni "amanzi". Lakini "nasikia baridi" au "naumwa hapa" hatayajua. Andika kwa herufi kubwa maneno kama 15 ya Kiswahili na maana zake kwa lugha ya wahudumu, ubandike juu ya kitanda. Haigharimu chochote.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au kwenye jumuiya

1. Ni nani katika familia anayemtembelea mgonjwa wetu, na mara ya mwisho alikwenda saa ngapi?
2. Je, tunajua uzito wake wa mwezi uliopita na dawa anazotumia?
3. Kituo chake kimesajiliwa? Tumeiona hati kwa macho yetu?
4. Kama simu ya msiba ingekuja usiku huu, tungejua maswali ya kuuliza?

Ndugu msomaji, kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya matunzo si dhambi wala si kumtupa. Kumtupa ni kuacha kwenda kumwona. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wiki hii tafuta nafasi, nenda siku ambayo hawakutarajii, mfunue shuka, mshike mkono, mpe maji mwenyewe. Kisha toa daftari uandike tarehe.